Siku nne Aarhus, mwaliko unasema "wiki ya 42": nianzie wapi?

Mpoza_Maziwa_Mbarara
Habari zenu wakuu. Kiwanda kinanituma kutoka Uganda hadi Aarhus, Denmark, mafunzo ya siku nne ya mashine za kupozea maziwa. Barua pepe ya wenyeji haina tarehe, wameandika tu "wiki ya 42". Hiyo ni lini? Viza niombe mapema kiasi gani, na niende na karatasi zipi? Nikitua Copenhagen nafikaje Aarhus? Nibebe dola au yuro?

Kalenda256
Wadenmark hupanga kazi kwa namba ya wiki, hawakufanyii uzembe. Wiki inaanza Jumatatu, na ya 42 mwaka huu wa 2026 ni tarehe 12 hadi 18 Oktoba. Ila hapo kuna mtego: wiki ya 42 ndiyo likizo ya vuli ya shule zao, na wazazi wengi huchukua likizo pamoja na watoto. Kabla hujalipa hata shilingi, waulize kama mkufunzi mwenyewe atakuwepo. Hali ni hiyo hiyo wiki ya 28 hadi ya 30, katikati ya Julai, viwanda vingi vinapofunga.

Jambo la pili ni saa. Kwa Kidenmark "halv ni" ni 8:30, yaani nusu ya kuifikia tisa. Wengine huihamisha hivyo hivyo kwenye Kiingereza, nawe ukadhani ni 9:30. Ukiongeza na hesabu yetu ya saa mbili asubuhi, mtakosana mlangoni. Andikianeni kwa tarakimu: 08:30, basi.

Nnalongo_wa_Viza
Kwa viza, ndugu yangu, mlango wa kuomba hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45. Kwa hiyo siku 15 usizichukulie kama ahadi. Peleka miezi miwili kabla.

Fomu unaijaza mtandaoni, unachapisha ukurasa unaotakiwa kusainiwa, unatia sahihi, halafu unapeleka mwenyewe pamoja na alama za vidole. Kama ulishatoa vidole kwa viza ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja, Denmark ikiwemo) ndani ya miezi 59 iliyopita, vinaweza kutumika tena. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudi hata ukinyimwa.

Karatasi:
- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye kurasa 2 tupu, na iwe hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen.
- Bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, inayofunika nchi zote za Schengen. Tarehe zake zifunike safari nzima, usiku wa ndegeni ukiwemo.
- Mwaliko wenye tarehe kamili (si "wiki ya 42"!), anwani ya mwenyeji, na mafunzo ya nini.
- Barua ya mwajiri, taarifa ya benki, na taarifa ya NSSF (mfuko wetu wa hifadhi ya jamii). Hii ya mwisho watu huisahau, wakati ndiyo inayoonyesha michango ya mwajiri mwezi baada ya mwezi, na kwamba una kazi ya kurudia.

Panapoharibika zaidi ni pale barua mbili zinapopingana. Mwenyeji anasema analipa hoteli, mwajiri naye anasema analipa hoteli na posho ya safari. Afisa akisoma hivyo anashindwa kujua nani anasema kweli. Zioanishe sentensi kwa sentensi. Na pesa nyingi zilizoingia benki wiki moja kabla zinakudhuru kuliko salio dogo la kawaida.

Pia iandikwe wazi kuwa ni mafunzo. Kikao na kozi fupi viza hii inaruhusu. Kufanya kazi kwenye laini yao ya uzalishaji ni suala la kibali kingine.

Reli_na_Boda
Njia: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Ukipitia Amsterdam au Brussels, ukaguzi wa Schengen unafanyika huko, kwa hiyo mwaliko na bima viwe begi la mkononi, si lile la chini.

Kituo cha treni kiko ndani ya uwanja wa Copenhagen. Soma ubao kabla ya kupanda, maana upande mmoja treni zinaelekea Malmö, Sweden. Aarhus ni muda wa saa tatu na ushee. Treni nyingine zinakwenda moja kwa moja, nyingine unabadilisha København H, kituo kikuu cha Copenhagen. Tiketi ya DSB (shirika la reli la Denmark) iitwayo Orange ni nafuu lakini imefungwa kwa treni moja. Inunue kwa kurudi tu. Siku ya kufika, ndege ikichelewa, tiketi hiyo imepotea.

Fedha yao ni krone, si yuro. Yuro 1 ni kama krone 7.46. Tumia kadi, na kabla ya kuondoka hakikisha benki imeifungulia matumizi ya nje. Ukipewa krone taslimu kwenye duka la kubadilishia fedha, kataa noti ya 1,000: haitumiki tangu 31 Mei 2025.

Mpoza_Maziwa_Mbarara
Asanteni sana. Naweza kuwabebea wenyeji samli ya Ankole? Na soketi zao?

Nnalongo_wa_Viza
Samli acha nyumbani. Nyama na chochote cha maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa. Kahawa iliyokaangwa inapita, asali hadi kilo 2. Na viatu vya zizini usivipeleke kabisa: kwetu ugonjwa wa miguu na midomo upo, kwao haupo. Kadi ya njano (cheti cha chanjo ya homa ya manjano) beba. Denmark hawaiulizi, Entebbe wanaiuliza ukirudi.

Reli_na_Boda
Soketi ni za pini mbili za duara, 230V. Plagi yetu ya pini tatu haiingii, nunua adapta hapa Kampala. Adapta nyingi hazigusi waya wa ardhi wa soketi zao, kwa hiyo zitoshe kwa simu na kompyuta tu.

Mpoza_Maziwa_Mbarara
Wamejibu: mkufunzi yuko likizo kweli. Wamesogeza hadi wiki ya 44.

Kalenda256
Basi ni Jumatatu 26 Oktoba. Usiku wa kuamkia Jumapili ya 25 wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo Uganda na Denmark zitatofautiana saa mbili badala ya moja, na jua litazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Beba koti la mvua, na bima uianzishe upya kwa tarehe hizo.