Mrejesho: nimeanza kuuzoea mji mdogo niliohamia

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri: mgeni katika mji mdogo anapataje habari za hapo na kujuana na watu? Asanteni sana, mambo yanakwenda vizuri.

Aliyesema nihudhurie vikao vya wazi vya baraza amenisaidia kuliko wote. Tangazo lilisema tu barabara itafungwa. Kikaoni nikasikia sababu, bomba la majitaka limechakaa, na mama mmoja akasimama kuuliza watoto wa shule watapita wapi. Tulitoka tukiongea, sasa tunaitana kwa majina. Redio ya jamii nayo inafaa, hasa asubuhi. Makundi ya simu yana uvumi mwingi. Nathibitisha kwanza ndipo nisambaze. Bado natafuta kikundi cha kujitolea, mwenye uzoefu anielekeze.