Naomba ushauri: nimpandisheje Kilimanjaro mgeni asiyeona?

Kijana wa Marangu
Habari za jioni, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa sita nikiongoza wageni mlimani, na mwezi ujao nitampandisha mwalimu kutoka Dodoma ambaye haoni kabisa tangu utotoni. Miguu anayo, kwani Jumamosi nilitembea naye hadi maporomoko ya Materuni, ila nilijikuta nikimvuta mkono kama mtoto, naye akaniambia kwa upole, "Kaka, ukinivuta hivyo sijui ninakanyaga nini." Ofisi inataka tupite njia ya Machame, nami nauhofia Ukuta wa Barranco, ule mwamba mkali ulio kwenye njia hiyo.

Shanta Kuukuu
Mkuu, mwalimu amekwisha kukujibu. Usimshike wewe, akushike yeye. Kwenye njia pana ya msituni ashike shanta lako, ili mgongo wako umweleze kona na mwinuko kabla hujafungua mdomo. Njia ikibana, tangulia hatua mbili ukiwa na kengele ndogo shantani, afuate mlio huku akipapasa ardhi kwa fimbo mbili, na mwenzako awe nyuma yake. Anayesema awe mmoja tu. Niliwahi kupanda na kundi ambalo kila mtu, hadi mpishi, alipaza sauti "angalia jiwe", mpaka mgeni akasimama akauliza ni jiwe lipi na liko wapi. Kubalianeni maneno mkiwa bado Moshi: "mzizi", "ngazi ya goti", "jiwe linacheza", "shimo kushoto". Neno "simama" liwe la hatari peke yake.

Njia ningechagua ya Marangu, isiyopita ukuta huo, kwa siku sita. Si kwamba Barranco haipandiki, maana Erik Weihenmayer wa Marekani, naye haoni, alifika kilele cha Everest mwaka 2001. Ila pale mtu hupanda kwa mikono, na foleni ya wapagazi nyuma yenu haitakupa nafasi ya kumwonyesha kila mahali pa kuweka mguu.

Tabibu wa Rau
Naongeza la afya. Kile kipimo cha kumtembeza mgeni kisigino kwa kidole ili kutambua kama ubongo umevimba kwa sababu ya mwinuko kitakudanganya, kwa kuwa mizani ya mwili hutegemea macho pia. Mpime kwenye geti la hifadhi akiwa mzima, uandike anavyoyumba, kisha ulinganishe kwenye vibanda vya kulala vya Horombo, mita 3,720, na tena vya Kibo. Akiyumba kuliko alivyoyumba getini, au maneno yakianza kumpotea, teremkeni usiku huohuo. Miwani ya jua avae. Macho yasiyoona nayo huungua.

Mgumu Mstaafu
Usiku wa kileleni usikutishe, kijana wangu. Wenye macho ndio wanaohangaika na taa zao gizani, yeye amezoea. Kuanzia Gilman's, pale mnapofika ukingo wa kreta, kwenda kilele cha Uhuru, mwenzako atembee upande wa kreta. Kazi kubwa ni kuteremka kwenye changarawe, ambako wageni wengine huteleza kama watoto na kufurahi: yeye asiteleze, ashikane mkono na wewe, kisigino kitangulie, na mpumzike kabla hajaomba. Mwaka 1969 vijana wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walikwisha kufika juu, kwa hiyo hilo si jambo geni kwa mlima wetu.

Kijana wa Marangu
Ahsanteni sana. Nimempigia mwalimu simu, naye anasema ataleta kengele ya mbuzi kutoka kwao, kwa kuwa mlio wake anaufahamu. Limebaki moja: huyo mwongozaji wa pili, alipwe na mgeni au na ofisi?

Shanta Kuukuu
Ofisi. Na uyamalize hayo kabla hamjafika getini.