Tupeane uzoefu: ni lini maneno ya busara yalikuokoa, na ni lini yalikuponza?

Kalamu Kavu:
Habari zenu, ndugu zangu. Leo asubuhi kazini nimemsikia kiongozi wetu akimwambia kijana mgeni, mbele ya watu wote, "Umeharibu taarifa nzima," ilhali kilichokuwa na kasoro ni ukurasa mmoja. Kijana alishusha macho, akaendelea kuandika kitu ambacho nina hakika hakikuwa kazi. Nikamkumbuka mama aliyenipokea nilipoanza kazi, ambaye alikuwa na kawaida ya kuyaondoa makosa mikononi mwa watu: hakusema "umepoteza faili", alisema "faili halionekani, tulitafute", hakusema "umemwaga wino", alisema "wino umemwagika". Lugha yetu imetupa kiambishi hicho kidogo, "-ik-" ya "umemwagika", nasi tunakiacha kikae bure. Kosa lilirekebishwa upesi zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akishughulika kujitetea. Nanyi tusimulieni yenu.

Msikilizaji:
Naunga mkono. Mimi neno lililoniponza ni "lakini". Kila niliposifu kazi ya mtu kisha nikaliweka hapo katikati, alichobaki nacho ni kile kilichofuata.

Asiyepepesa:
Huyo mama alikuwa akizunguka mbuyu. Faili halijipotezi. Mtu akiambiwa kila siku kwamba vitu vinapotea vyenyewe, ataendelea kuvipoteza mpaka siku ya kustaafu.

Kalamu Kavu:
Kaka, baadaye alikuwa akimwita mhusika faraghani na kumweleza waziwazi.

Asiyepepesa:
Hilo ulipaswa kulisema mwanzo.

Sauti ya Chini:
Nimesita kuandika, lakini mada hii imenifufulia jambo ninalolibeba kwa miaka mingi. Nilikuwa na mfanyakazi mwenzangu aliyekubaliana na baba yake kwamba wangesafiri pamoja siku iliyofuata kwenda nyumbani kwao. Siku moja kabla ya safari hiyo simu yake ilikuwa imezima, hivyo kaka yake akanipigia mimi, akaniambia mzee amefariki dunia alfajiri, na akaniomba nimfikishie habari taratibu. Neno hilo "taratibu" ndilo lililonipoteza. Nilimwita pembeni, nikatafuta neno laini kuliko yote niliyoyajua, nikamwambia, "Ndugu yangu, kaka yako amepiga simu. Mzee ametangulia." Akatabasamu. Akasema, "Afadhali, maana nilihofia kwamba angenichelewesha kesho. Ngoja niombe ruhusa nimfuate."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumshika mkono. Sikumshika. Nilijidanganya kwamba ameelewa na anajikaza kiume, kwa sababu kusema mara ya pili kulinishinda. Alisafiri kwa saa mbili ndani ya basi, akiwa na miwani ya kusomea aliyomnunulia baba yake, na alipofika akakuta watu wamekaa nje kimya. Kaka yake alinisimulia kwamba aliuliza, "Mzee yuko wapi? Nimeambiwa ametangulia," na hakuna aliyeweza kumjibu.

Msikilizaji:
Nimesoma mara mbili. Pole sana.

Kalamu Kavu:
Naona mada yangu ya makosa ya kazini imezikwa rasmi.

Zamu ya Usiku:
Kalamu Kavu, tafadhali tafuta kitenzi kingine.

Ndugu Sauti ya Chini, mimi ni muuguzi, na kosa lako nimeliona likitendwa na watu waliosoma. Uko mwongozo wa hatua 6 uitwao SPIKES, uliochapishwa mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wanaowapa wagonjwa wa saratani habari mbaya. Unaanza na mahali pa faragha, kisha unauliza mtu anajua nini tayari na angependa kuelezwa kiasi gani. Ndipo unapotoa habari, unazipokea hisia zake, na mwisho mnapanga la kufanya. Kabla ya habari yenyewe huja onyo fupi, mfano "Nina habari mbaya." Sisi katika kifo hutumia neno lisilo na njia mbili: "amefariki". Ulaini unakaa katika sauti, katika kukaa chini pamoja naye, na katika kunyamaza baada ya kusema.

Asiyepepesa:
Kumbe hata hospitali mko upande wangu.

Zamu ya Usiku:
Sikusema hivyo. Wewe ungeisema habari hiyo ukiwa umesimama mlangoni.

Mwenye Staha:
Naomba tusiitupe tafsida kwa sababu ya mkasa mmoja. Tunasema "amejifungua", tunasema "ameenda msalani", na kila mtu anaelewa bila aibu. "Ametangulia" nayo inaeleweka. Siku ile iligongana na safari iliyokuwa imepangwa. Isitoshe, upole wa maneno haujawahi kumuua mtu.

Asiyepepesa:
Umewahi. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca, safari namba 52, ilizungushwa angani kwa muda mrefu ikisubiri kutua New York. Marubani waliomba kipaumbele na kueleza kwamba mafuta yanaelekea kuisha, lakini hawakutangaza hali ya dharura kwa neno lake. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka, na watu 73 kati ya 158 wakafa.

Mwenye Staha:
Ule haukuwa upole, ulikuwa upungufu wa istilahi.

Asiyepepesa:
Waambie hivyo waliosalimika.

Zamu ya Usiku:
Ndugu zangu, tunazungumzia busara ya maneno huku tukirushiana mawe.

Mlaza Ujumbe:
Mimi nina dawa moja. Nikikasirika, huandika ujumbe wote kama ulivyo moyoni, kisha nikaulaza mpaka asubuhi. Mara nyingi nikiamka naufuta. Mke wangu hapendezwi na busara hii, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayesubiri jibu.

Msikilizaji:
Mimi kinyume chake: nikilaza jambo, linaamka likiwa na hasira kunizidi. Bora niseme papo hapo, ila nianze na "mimi nimeumia" badala ya "wewe umeniumiza".

Sauti ya Chini, mlizungumza tena na mwenzako?

Sauti ya Chini:
Mara moja tu, baada ya miezi kadhaa. Nilimwomba radhi, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa zile saa mbili za basi baba yake alikuwa bado hai. Hakuongeza neno. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinishukuru au akinilaumu, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Mwenye Staha:
Usimuulize.

Asiyepepesa:
Muulize.