Majina ya vijiji vya Pemba yamo mkononi mwangu: biashara au ulanguzi?

Asalaam aleikum wadau. Naleta jambo langu hapa nihukumiwe, maana barazani kwetu Wete hawajaafikiana. Wapo wanaosema nina jicho la biashara, wapo wanaoniita mlanguzi huku wanakunywa kahawa niliyoilipia mimi.

Huu mwaka wa sita nashika domeni, yaani majina ya tovuti, au vikoa kama wanavyoandika wakubwa. Nilinunua 11 kwa mpigo, zote za .com, majina ya vijiji na fukwe za Pemba. Kichwani nilikuwa na business.com, iliyouzwa dola milioni 7.5 mwaka 1999, na voice.com iliyokwenda kwa dola milioni 30 mwaka 2019. Nikajiambia, watalii wakichoka kubanana Nungwi na Paje watavuka huku, na mwenye hoteli atataka jina.

Sasa hesabu, msije mkadhani nimetajirika. Kila jina dola 12 kwa mwaka. Miaka minne ya mwanzo nimelipa dola 528, kisha nikauza moja kwa dola 500, nikasherehekea. Miaka miwili iliyofuata, majina 10, dola 240. Niko chini kwa dola 268, na bando sijalitia. Aliyewahi kukodi mikarafuu anaijua hali hii: umeshatoa pesa, unakaa kuitazama miti, mwaka huo haizai.

Kilichonileta ni mama mmoja wa kijijini kwetu. Ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Mwanawe alitafuta jina la kijiji kwenye simu akakuta limeshachukuliwa. Mama akaja kwangu, maana anajua mimi ndiye fundi wa kompyuta: "Mwanangu, nitafutie huyo mwizi aliyelichukua jina la mji wetu." Nikamkaribisha chai. Nikamkatia na mkate wa kumimina. Nikaahidi nitamtafuta.

Mimi naona hivi. Ukilishika jina la mtu ambaye tayari anauzia nalo, huo ni wizi, na upo utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, tangu 1999 wa kulidai: mlalamikaji athibitishe kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ila kufungua shauri WIPO, shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa linalosikiliza madai hayo, ni dola 1,500. Mwenye vyumba vinne atazitoa wapi? Neno la kawaida, kama pwani au karafuu, aliyewahi kawahi, sina tabu nalo.

Tabu ni jina la mji. New Zealand ilikwenda WIPO kudai newzealand.com ikashindwa mwaka 2002, mwaka uliofuata ikalinunua kwa dola 500,000. Ufaransa ikapita mahakamani, na mwaka 2018 ikalichukua france.com kwa mtu aliyekuwa nalo tangu 1994. Nchi nzima nzima, na majibu mawili tofauti.

Na msiniambie "liache tu". Domeni ya .com ukiacha kuilipia inakaa hadi siku 80 hivi kwenye ngazi zake za kufutwa, kisha mashine za watu wa mbali zinaidaka ndani ya sekunde. Halirudi kijijini hilo.

Haya, semeni.

*Mchangiaji, Chake Chake:*
Ndugu yangu, umeweka nini humo? Ukurasa mtupu ulioandikwa "linauzwa". Anayeficha sukari wiki mbili kabla ya Ramadhani naye anasema anabeba hatari ya soko. Hujapanda, hujajenga, umesimama mlangoni tu.

*Mchangiaji, Mji Mkongwe:*
Tuseme la haki. Ihtikari, yaani kuficha bidhaa ili bei ipande, kwa Mashafi inahusu chakula cha watu, na domeni hailiwi. Mimi ningeliangalia katazo jingine, la kuutokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, ukanunua kwa watu wasiojua bei. Wanakijiji hawakujua kama jina lao lina bei. Wewe ulijua. Hapo ndipo ujiulize, si kwenye sukari.

*Mchangiaji, Jambiani:*
Natengeneza tovuti za nyumba za wageni mwaka wa tisa huu. Walanguzi hawanisumbui kama mafundi wenzangu. Mteja analipa, fundi anasajili jina kwa anuani yake mwenyewe, halafu anahamia Bara na simu hapokei. Bibi mmoja huku alipoteza jina aliloandikisha hadi kwenye kibao cha barabarani, kwa sababu ujumbe wa kukumbusha malipo ulikuwa unakwenda kwa fundi. Hiyo ni amana iliyoliwa. Nendeni mkaulize jina lenu limesajiliwa kwa nani, leo.
Na mtoa mada, bei yako imekwisha. Mgeni anapitia Booking au Instagram, anamalizia WhatsApp. Nani anaandika jina la kijiji kwa mkono siku hizi? Mama achukue jina linaloishia .co.tz au .hotel.tz maisha yaendelee.

*Mchangiaji, Mkoani:*
Shelisheli wana herufi zao za mwisho wa jina, .sc, Komoro .km, sisi tumo ndani ya .tz. Anguilla, kisiwa kidogo kuliko Unguja, kiliingiza kama dola milioni 32 mwaka 2023 kwa majina ya .ai, herufi zake, peke yake. Mnagombania vijiji!

*Mtoa mada:*
Wa Mkoani, hilo la herufi mbili fungulia mjadala wake, hapa tutapigana.

Wa Mji Mkongwe umenichoma. Nilikuwa na jibu la mnazi: kwetu mnazi unaweza kuwa wangu na ardhi ikawa ya mwenzangu, na hakuna anayeniita mwizi. Lakini mnazi niliupanda au nilirithi. Jina la kijiji lilipandwa na wazee wa yule mama.

Jana alasiri nilikwenda kwake, nikamwambia mwizi nimempata. Akaniangalia, akaangalia mkate wa kumimina niliombebea, akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza bei. Nikamwambia dola 12, za mwaka huu tu, na nitaliandikisha kwa anuani ya mwanawe. Akasema atanilipa wageni wa Julai wakija.

Yamebaki tisa. Kuna mwekezaji wa Unguja ameniulizia moja, na hoteli bado hajajenga.