Pua ilifanyiwa operesheni ikabaki imepinda, nirudie saa hii ama ningoje?

MamaTaji_Kondele
Hamjambo wapendwa, niko hapa Kisumu. Nilianguka na boda pua ikavunjika, nikaingizwa thieta wakanyoosha, sasa ni miezi mitano na ncha bado imevimba, juu upande wa kulia kuna kabonde na usiku tundu la kushoto linaziba kabisa nalala mdomo wazi. Nimepigia kliniki fulani Nairobi wanasema niende wiki ijayo warudie lakini nitume dipoziti kwanza. Mzee wangu hataki kusikia kisu tena. Mliopitia hii, nijue nini kabla sijatuma pesa?

nesi_wa_thieta
Pole sana dada, na hiyo dipoziti shikilia kwanza. Niko Eldoret nafanya thieta ya masikio, pua na koo. Pua ikishafunguliwa inachukua kama mwaka hivi kutulia, na ncha ndiyo hushuka mwisho, tena wenye ngozi nzito ya pua wanaweza kupitisha huo mwaka, ndio maana madaktari wengi hawagusi tena kabla miezi 12 iishe. Ukirudia saa hii unakatwa juu ya kovu bichi na umbo lenyewe bado linabadilika. Lakini ukiona usaha, homa, ama pua imejaa ghafla na inauma, hiyo usingoje, nenda emajensi siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuziba: weka vidole kwenye shavu kando ya pua upande wa kushoto, vuta pole pole kuelekea sikio halafu uvute pumzi. Hewa ikifunguka mwambie daktari, inaweza kuwa ukuta wa pembeni unalegea ukivuta hewa. Isipofunguka anaweza kupata ukuta wa katikati umepinda, ama kovu limeshikanisha ndani, ama ni aleji tu ambayo inataka dawa ya kupuliza na si kisu. Yale matone ya kuzibua ya duka la dawa usipitishe siku tatu hadi tano, ukizoea yanaziba pua zaidi.

Baba_Milka_Nakuru
Nesi amesema ukweli. Mimi nilirudia, na kile hakuna mtu huambia watu mapema ni kwamba mara ya pili gegedu ya ndani ya pua, ule mfupa laini, inaweza kuwa imeisha ama haitoshi, kwa hivyo wanatoa kwa sikio ama kwa ubavu. Yangu ilitoka ubavuni. Pua haikunisumbua sana, ni kukohoa na kugeuka kitandani ndio ilikuwa kazi, na kovu liko kifuani mpaka leo. Kwa hivyo uliza mapema atatoa wapi, na bei ya hiyo sehemu iko ndani ama ni juu, waandike. Muulize amerudia pua ngapi za watu wengine na akuonyeshe picha za wagonjwa wake mwenyewe wenye pua kama zetu. Jina lake tafuta kwenye rejista ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, rejista iko mtandaoni. Mtu anayekuambia njoo wiki ijayo na hajakuangalia ndani ya pua, mimi siwezi kumpa uso wangu.

Kama ni SHA ama bima ingine, uliza kabla, ukisema wazi shida ni kupumua, maana ya urembo kwa kawaida hawalipi.

MamaTaji_Kondele
Asanteni sana jameni, nimejaribu hiyo ya shavu na kweli hewa imefunguka!! Dipoziti situmi. Niende na nini kwa daktari mwingine?

nesi_wa_thieta
Picha zako za kabla ya ajali, skani kama ulipigwa, na uombe rekodi pale ulipofanyiwa, ni haki yako, sheria ya kulinda data ya 2019 inakuruhusu kupata taarifa zako. Sema unataka maelezo ya operesheni yenyewe, yale daktari aliandika alikata nini na akaacha nini, si ile karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, maana hiyo ndiyo watakupatia haraka na mara nyingi haisemi gegedu imebaki kiasi gani.