Naomba ushauri: swali la tsunami limenikwamisha darasani

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha jiografia sekondari moja ya huku pwani, na kuna swali la mwanafunzi limeninyima usingizi.

Nilikuwa naeleza tetemeko la Sumatra, Indonesia, la tarehe 26 Desemba 2004, ukubwa 9.1. Mpasuko wa miamba chini ya bahari ulikimbia takriban kilomita 1,300, sakafu ya bahari ikanyanyuka, mawimbi yakafika mpaka huku kwetu na kuua watu. Binti mmoja akauliza: mbona lile la Nias, kisiwa jirani na Sumatra, la Machi 2005, ukubwa 8.6, tsunami yake ilikuwa ndogo? Nikamwambia tutaliangalia kesho. Kesho hiyo sasa ina wiki mbili.

Nimejaribu kwa beseni la kufulia na kipande cha bati. Nikikinyanyua penye kina, maji yanaruka ukingo (andalio la somo limelowa lote). Nikikinyanyua pembeni penye maji haba, yanatikisika tu. Hilo linakubaliana na nilichosoma, kwamba Nias mpasuko ulikuwa zaidi chini ya visiwa na maji ya kina kifupi. Lakini kwa Japani 2011 wanasisitiza jingine: mabamba (vipande vikubwa vya gamba la dunia) yaliteleza makumi ya mita karibu kabisa na mtaro wa bahari, yaani lile bonde refu lenye kina kikubwa ambapo bamba moja huzama chini ya jingine.

Sasa, hizi ni hoja mbili au ni moja? Na beseni langu nilifanyeje lionyeshe hiyo ya Japani? Kipindi ni Alhamisi, na yule binti hasahau.