Kikundi cha ukoo: darasa la kudarizi

Jumatatu

Zubeda 19:04
Jamani habari za jioni. Darasa la kudarizi kwa mkono LIPO. Ni la watu wazima tu, wasiowahi kushika sindano na walioshika wakaacha. Kila Jumamosi, saa mbili kila kipindi, kwa wiki sita. Mwalimu ni Mama Mkubwa. Anayekuja aandike jina lake hapa chini.
1. Zubeda
2.

Musa 19:05
Saa mbili asubuhi, Jumamosi? Hiyo adhabu 😂

Zubeda 19:05
Kipindi kina UREFU wa saa mbili. Tunaanza saa nne.

Musa 19:06
Ungesema hivyo toka mwanzo

Zubeda 19:40
Mmesoma watu kumi na saba. Namba mbili bado iko wazi.

Mjomba Salehe 19:52
*Umesambazwa mara nyingi*
SOMA HARAKA KABLA HAWAJAUFUTA. Ukichaji simu usiku kucha...

Zubeda 19:53
Asante Mjomba. Turudi kwenye mada.

Neema 20:15
Mimi natumia mkono wa kushoto. Nitaweza kufuata kweli?

Zubeda 20:16
Wote karibuni. Sasa vifaa. Kila mtu awe na shuka jeupe la pamba, fremu kubwa ya kubania kitambaa, nyuzi rangi zote na sindano. Tutachora maua makubwa katikati tujaze kwa mshono wa satini. Wiki ya sita tunafanya maonyesho.

Halima 20:31
Da Zuu, shuka?

Zubeda 20:31
Ndiyo shuka. Kitu cha kuonekana.

Halima 20:36
Mtu anayeanza mpe kitambaa cha kuingia kwenye fremu ya sentimita 15. Akimalize, aone kimekwisha, ndipo atarudi wiki ya pili. Na satini usianze nayo. Inaonekana rahisi kumbe ndiyo inayomuumbua mtu, uzi mmoja tu usipolala sambamba na mwenzake jicho linaenda palepale. Waanze mshono wa nyuma, wa shina, wa mnyororo. Mishono ya mafundo baadaye.

Musa 20:37
Mafundo mimi ninayo tayari, kila nikishika uzi

Halima 20:39
Kwa sababu unakata mrefu, uvivu wa kutunga tena. Usizidi toka ncha ya vidole hadi kiwiko. Na ule uzi wa pamba ndani una nyuzi sita. Unachomoa mmoja mmoja, kisha unaweka miwili au mitatu pamoja. Ukivuta mitatu kwa mkupuo ndipo inaposokotana.

Zubeda 20:40
Hayo atafundisha Mama Mkubwa. Mimi nataka MAJINA.

Musa 20:44
Kuna ile kazi ya Bayeux kule Ufaransa, karibu mita 70 za kitani zimedariziwa kwa nyuzi za sufu. Karne ya 11. Kipande cha mwisho hakipo mpaka leo. Sasa wewe unatupa shuka zima wiki sita

Zubeda 20:45
Musa unakuja au huji?

Musa 20:45
Nitakuja kuangalia

Baba Imani 21:20
Mimi nakuja, na msinicheke. Tatizo langu macho. Nimevuka hamsini, tundu la sindano silioni hata kwa miwani.

Halima 21:24
Hakuna wa kukucheka kaka. Sindano ya kudarizi ina tundu refu kuliko ya kushonea. Namba ikipanda sindano inapungua, kwa hiyo chukua namba 5, ile 10 waachie wengine. Kuna pia kile kiwaya chembamba cha kutungia uzi. Kitambaa cheusi achana nacho kabisa. Taa iwe kushoto kwako, kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Neema 21:25
Na sisi wa kushoto?

Musa 21:26
Nyie mtakaa gizani 😂

Halima 21:33
Jingine kabla sijasahau. Mkichora kwa kalamu inayofutika kwa maji, msipige pasi kabla ya kuosha. Alama inaweza kuganda isitoke tena. Na uzi mwekundu uujaribu kwanza, ulowanishe uubane kwenye kitambaa cheupe uone kama unatoa rangi.

Shangazi Tatu 21:50
Ule mwekundu.

Zubeda 21:51
Shangazi, tusifukue.

Shangazi Tatu 21:58
Sifukui. Nasema tu kuna mtu aliambiwa mbele ya watu kuwa amemharibu tausi kwa maji ya moto, na hajaombwa radhi mpaka leo. Darasa jema.

*Mjomba Salehe ametoka kwenye kikundi*

*Zubeda amemwongeza Mjomba Salehe*

Mjomba Salehe 22:09
Nilibonyeza vibaya. Tausi gani?

Jumanne

Zubeda 07:10
Amkeni. Tutakaa sebuleni kwa Mama Mkubwa. Watu wasizidi wanane, maana mwalimu lazima asimame kwa kila mmoja aone mkono unavyokwenda. Viti viwe na mgongo. Mpaka sasa:
1. Zubeda
2. Neema
3. Baba Imani
4. Shangazi Tatu

Shangazi Tatu 07:12
Toa hilo jina.

Mwanaidi 09:47
Samahani nimechelewa kuona, simu ilikuwa mbovu. Tunazungumzia nini?

Zubeda 09:48
Panda juu usome.

Mama Mkubwa 11:32
Nimesoma yote. Mwalimu hakuulizwa.

Zubeda 11:34
Shikamoo Mama Mkubwa. Nilijua hutakataa, ndiyo maana nikatangulia kutangaza.

Mama Mkubwa 11:41
Marahaba. Neema mwanangu, wewe utakaa mbele yangu, usikae pembeni. Ukinitazama uso kwa uso mkono wako utafuata wangu kama kwenye kioo. Taa yako itakuwa kulia. Nimewahi kumfundisha mwenye mkono wa kushoto na kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Neema 11:42
Asante sana Mama Mkubwa 🙏

Mama Mkubwa 11:50
Huyo tausi wa kudarizi ninaye mimi. Maji hayakumharibu. Rangi ilitoka kidogo mguuni, nikamfua tena ikaisha. Mkia ndio uko nusu, na Zubeda anajua aliishia wapi. Aje amalize mkia kwanza. Siku ya darasa nitaitaja mwenyewe.

Musa 15:20
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Tatu 15:31
Asante dada. Aliyesikia amesikia.

Zubeda 18:02
Nimesikia Mama Mkubwa. Nitapita. Ila Jumamosi tusiipoteze jamani, angalau tukutane tugawane nyuzi. Halima, fremu unazo ngapi?

Halima 18:20
Mbili tu, duara la ndani nimelizungushia utepe wa pamba kitambaa kisiteleze. Wengine watafute zao. Na ukimaliza kazi ya siku toa kitambaa, kisilale kwenye fremu, kitabaki na alama.

Shangazi Tatu 18:41
Zubeda. Rudisha jina. Lakini sikai karibu na wewe.

Zubeda 18:42
1. Zubeda
2. Neema
3. Baba Imani
4. Shangazi Tatu (mbali)
5. Musa (wa kuangalia)
6.

Mwanaidi 19:30
Nimesoma yote. Huo mkia una urefu gani?

Zubeda 19:31
Mwanaidi unakuja au huji?

Baba Imani 20:05
Kwa hiyo Jumamosi ni kugawana nyuzi au kudarizi? Nijue kama nije na miwani.

Zubeda 20:06
Kugawana. Labda na mshono wa nyuma kidogo, Halima atawaonyesha.

Halima 20:48
Jumamosi hii mimi sipo.